Tarakimu Sitini

Mama alizoea barua zinazopita mdomoni mwa mtu.
Baba alipokuwa migodini Kitwe
mwinjilisti ndiye aliyepasua bahasha,
akakohoa, akasoma,
na kabla ya Jumapili Isyonje nzima ilijua
baba katuma kwacha ngapi
na usiku alimwita mama jina gani.
"Siri ya mtungi aijuaye kata," mama husema,
"na kata yetu ilivaa tai."

Ndiyo maana nilipomwekea ile programu
kwenye simu niliyoinunua Mwanjelwa kwa pesa ya viazi
aliuliza kwanza: "Mwinjilisti wake nani?"

Hakuna, mama.
Maneno yanafungwa kwako, yanafunguliwa kwangu.
Hata wenye mitambo wakichungulia njiani
wataona ukungu wa Igawilo alfajiri,
hawataona anayepita ndani yake.

"Hawajui kitu kabisa?"

Wanajua namba yako. Na siku uliyojiunga.

"Hayo hata muuza vocha anayajua,"
akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Tukakaa jikoni, magoti yakigusana,
kila mtu na kioo chake,
tukahakikisha namba ya usalama:
tarakimu sitini, tano tano, mafungu kumi na mawili.
Herufi zilimshinda mama. Namba, hata siku moja;
muuza ndizi hapunjwi kwa tarakimu.
"Nne, saba, sifuri, sifuri, moja."
Ndiyo.
"Nane, mbili, mbili..."
Ndiyo, mama.
Kwenye fungu la saba akasimama ageuze ndizi motoni,
moshi ukatuliza wote wawili, akarudi.
Mwisho akasema, "Amina."
Nikazinakili zote kwenye daftari la madeni.

Kisha nikaweka ujumbe ujifute baada ya siku saba,
kwa sababu ya baba mdogo Ambakisye,
hodari wa kuazima simu, "nipige mara moja tu."
Hakuna kufuli la kumzuia aliyesimama begani.

Akawa ananitumia sauti.
Mvua. Bei ya parachichi. Ng'ombe aliyekataa kukamuliwa.
Kesi ya shamba, kwa kunong'ona,
kwa Kinyakyusa cha ndani kabisa,
kana kwamba programu nayo ni mgeni.

Mwezi wa nne wakamlaza hospitali.
Siku ya tatu, nikiwa Uyole napakia magunia, ukaingia ujumbe:
*Mwanangu mpe baba yako mdogo hati ya shamba. Ni mimi mama yako.*

Juu yake, kwa maandishi hafifu
kama yale ya karatasi ya dawa:
*Namba yako ya usalama na Mama imebadilika.*

Mama hakuwahi kuandika.
Wala hakuwahi kusema "ni mimi mama yako".
Ng'ombe hajitambulishi kwa ndama.
Nikafungua daftari hata hivyo.
Fungu la kwanza tu likatosha.

Nesi Sekela akamshikia simu yake sikioni.
"Laini?" sauti ikasema, ndogo.
"Ambakisye kaichukua. Kasema anakwenda kuniwekea vocha."

Hati ninayo mpaka leo. Sisemi ilipo.

Mama alituacha Jumatano iliyofuata.
Matanga yalipokwisha, wageni wamekwenda,
nikafungua simu nimsikilize.
Pakavu.
Siku saba zilikuwa zimepita na programu ilitii;
kufuli halimjui mwizi, halimjui yatima,
na saa ile niliitega mimi, kwa kidole hiki.

Ile sauti ya mwisho niliisikiliza mara moja,
lori likinguruma, dereva akinihimiza.
Alisema kitu juu ya baridi,
nifunike mbegu, au nijifunike mimi.
Halafu kikohozi.

Nimebaki na daftari.
Jioni nyingine, duka likishafungwa,
nazisoma zile namba kwa sauti, tano tano,
hakuna wa kuitikia.
Nikifika fungu la saba nanyamaza kidogo,
ageuze ndizi.